Misafir si Msafiri

Siku ya kwanza kazini niliitikiwa salamu ambayo sijaitoa. Nilipanda ngazi zilizo ubavuni mwa duka la miwani, nikagonga, akafungua mama mmoja wa Kituruki mwenye mvi zilizokatwa fupi, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Merhaba!" Loo! Mimi ni mtu wa Tabora, nimelelewa. Mkubwa akikuitikia marahaba na wewe hujamwamkia, maana yake amekusubiri weee mpaka amechoka, akaamua kujijibia mwenyewe. Nikainama kidogo, nikasema, "Shikamoo, mama. Samahani." Akanitazama. Nikamtazama. Akadhani nimemtajia jina langu.

Kwa siku tatu akaniita Shikamoo. "Shikamoo, mkasi uko wapi? Shikamoo, leta bahasha." Siku ya nne nikashindwa kuvumilia, nikamweleza kwamba kwetu mdogo ndiye anayeanza na mkubwa ndiye anayeitikia, na neno lake lile ni la kuitikia. Alicheka mpaka akavua miwani. Kwao, akasema, ni salamu tu, ya mtu yeyote kwa mtu yeyote. Tangu hapo ikawa desturi ya ofisi: asubuhi yeye anatanguliza jibu, mimi nafuata na shikamoo yangu, tunaanza kazi.

Kazi yenyewe niliipata kwa njia ya kanisani. Dada mmoja wa Burundi tunayeimba naye kwaya alikuwa anafanya usafi kwenye jengo lile, hatua chache kutoka Regent Park hapa Toronto, akasikia mama wa juu anatafuta mtu wa kupaki vitabu na kujibu barua. Kupaki nilikuwa najua. Nilikuwa nimepaki miaka sita kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege: viatu, taa za bustani, chakula cha mbwa, chochote kinachoingia kwenye boksi. Barua nazo najua, maana nyumbani nilifundisha Kiswahili sekondari miaka kumi na minne. Mama aliposikia hivyo akaanza kuniita hocam, yaani mwalimu wangu. Siku hiyo nilirudi nyumbani Rexdale nimekaa wima kwenye basi la Kipling. Ghalani hakuna aliyewahi kuniita mwalimu.

Kila nikieleza tunachofanya watu hunikodolea macho, kwa hiyo nieleze mara moja. Mama ni wakala wa waandishi. Ni dalali kama dalali wa nyumba, ila anachodalalia ni vitabu vilivyoandikwa Kituruki. Mwandishi yuko kule kwao, nje hajulikani. Mama anamtafutia mtafsiri wa kugeuza kurasa ishirini au thelathini kwa Kiingereza, za kuonjesha, kama muuza machungwa anavyokukatia kipande kabla hujanunua. Halafu anazunguka na kurasa hizo kwa wachapishaji wa nchi za watu mpaka mmoja akubali kukitoa kitabu kizima. Wengi wanakataa. Barua zao za kukataa zina adabu nyingi, na mimi ndiye ninayezipanga kwenye faili.

Sasa, hapa ndipo ujuaji wangu ulipoanzia. Wiki ya pili tu niligundua kwamba Kituruki kimejaa maneno ninayoyajua. Kitabu ni kitap. Kalamu ni kalem, daftari ni defter, saa ni saat, sabuni ni sabun, dunia ni dünya, habari ni haber. Dakika ni dakika, hawakubadilisha hata herufi. Sote tulikopa kwa Waarabu, kila mmoja kwa njia yake, na mimi nilijiona nimeokota lugha ya bure. Mama akiongea na simu, nilikuwa nachomoa neno huku na neno kule, naunga. Ni kweli niliwahi kuteleza. Miezi miwili mizima nilikuwa namsikia akimaliza simu kwa "hayır, hayır," nikadhani anawatakia watu heri. Kumbe anakataa. Hayır ni hapana. Watu wote wale niliodhani wamebarikiwa walikuwa wamefukuzwa. Lingekuwa fundisho hilo, lakini nililifanya kichekesho, nikawasimulia wanakwaya.

Kati ya vitabu vyetu kilikuwapo kimoja chembamba, cha bibi mmoja wa miaka sabini na sita, wa mji mdogo wa bara kule Uturuki. Aliandika kitabu hicho kimoja tu maisha yake yote. Kilichapwa hapo hapo mjini kwake, nakala chache, na nyingi kati ya hizo zilikuwa chini ya kitanda chake. Kiliitwa Misafirimiz. Mama alikipenda kuliko vyote na alikuwa amekipeleka kwenye maonyesho ya vitabu ya Ulaya miaka mitatu mfululizo bila kupata wa kukichukua. Mwaka huo ulikuwa wa nne, na alikwisha kuniambia ni wa mwisho. "Kikikosa mtu tena, namrudishia karatasi zake," alisema. "Siwezi kumpa mtu mzima matumaini ya uongo mwaka wa tano." Bibi hakuwa na wakala mwingine, wala hakuna aliyekuwa anagombea kuwa wakala wake. Mama akirudisha karatasi, basi.

Nilimuuliza mama huyo bibi anataka nini hasa, umri wote ule. Mama akasema alimuuliza swali hilo hilo siku ya kwanza, na bibi akamjibu: "Nataka nisomwe na watu wasiomjua kaka yangu."

Niliipenda sentensi hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa naishi kwa kaka yangu.

Nilikuja Toronto kwa miezi mitatu, kumsaidia kaka baada ya upasuaji wa goti. Miezi mitatu ikawa miaka tisa. Mke wake, wifi yangu, ni mtu wa Bukavu, mchapakazi, sauti kubwa, na tangu siku niliyoingia hajaniita jina. "Mugeni wetu, kuya tukule!" Watu wakija kutoka kanisani: "Huyu ni mugeni wetu, wa Tanzania." Wageni waliohamia huku mwaka jana tu, wenye funguo mpya za nyumba zao, wananipa pole na safari. Mimi natabasamu, nakwenda jikoni kuosha vyombo. Na sanduku langu nalo lilikuwa bado limesimama nyuma ya mlango, karatasi ya shirika la ndege ingali imefungwa kwenye mpini, maana kichwani mwangu nilikuwa safarini. Mwakani narudi. Mwaka ujao tena narudi. Nilipokuwa napata uchungu na neno la wifi nilikuwa najiambia: mimi si mgeni wa mtu, mimi msafiri, napita.

Mwaka huo mama akapata mtoto wa jicho na kupangiwa upasuaji. Ilitokea wiki ile ile orodha yetu ya vitabu inapokwenda kwa wapiga chapa, yaani kijitabu kinachogawiwa kwenye maonyesho, kila kitabu na jina lake kwa Kiingereza na maneno machache. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa jina la Kiingereza la Misafirimiz. Mama na mtafsiri walikuwa wanabishana juu yake, sikusikia wanabishana nini. "Acha hapo wazi," mama akaniambia, "nitaamua kesho." Kesho yake akapelekwa hospitali mapema kuliko ilivyopangwa, simu imezimwa. Saa nne wapiga chapa wakapiga simu: wanataka faili kabla ya saa sita, la sivyo orodha haitawahi maonyesho.

Nikaliangalia neno. Ile "imiz" ya mwisho nilikwisha jifunza kwamba ni "yetu" au "wetu". Kilichobaki ni misafir. Jamani! Mimi, mwalimu wa Kiswahili miaka kumi na minne, nitafute neno msafiri kwenye kamusi? Na hata hivyo nilikuwa nimezisoma zile kurasa za kuonjesha. Ukurasa wa kwanza kabisa kuna mwanamke na sanduku lake chini ya kitanda, limefungwa kwa mkanda, tayari. Ushahidi gani tena? Kamusi ya Kituruki ilikuwa kwenye rafu, mkono wangu wa kushoto, sikuhitaji hata kusimama. Sikuigusa. Nikaandika kwa Kiingereza "Msafiri Wetu", nikatuma faili, nikajipikia chai, nikajisifu kimoyomoyo kwamba ofisi imebaki kwenye mikono salama.

Mama alirudi na kiraka jichoni. Daktari alimkataza kusoma wiki mbili, na ya tatu akapanda ndege kwenda kwenye maonyesho, orodha zikiwa zimetangulia kwenye maboksi niliyoyapaki mwenyewe, vizuri sana.

Aliporudi hakusema merhaba. Alivua koti, akaja na ile orodha, akaiweka mezani kwangu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hocam. Hii ni nini?"

"Msafiri Wetu," nikasema. "Misafir. Kwetu ni msafiri."

"Kwenu ni msafiri," akasema polepole. "Kwetu misafir ni mtu aliyekuja nyumbani kwako na wewe ukamtilia chai."

Mgeni! Neno la wifi! Kitabu kilikuwa kinaitwa Mgeni Wetu, neno ninaloitwa kila siku ya Mungu nikiteremka ngazi kwenda kula, na mimi nimelipita kama silijui. Mdharau mwiba mguu huota tende, nilikuwa nawaandikia wanafunzi ubaoni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikamwomba mama radhi, nikamwambia akitaka niondoke nitaelewa.

"Ukae chini," akasema. "Kuna jambo baya zaidi. Kimepata mtu."

Mezani kwake, kule maonyeshoni, alikuja bwana mmoja wa Kiingereza mwenye jumba la uchapishaji linalotoa vitabu vya safari za wanawake. Aliona jina kwenye orodha, akavutiwa, akakaa, akasoma zile kurasa za kuonjesha pale pale. Mama alitaka kumsahihisha, lakini bwana mwenyewe alikuwa anaongea kwa furaha hata hapati pa kuingilia, na miaka minne, akaniambia mama, hakuna mtu aliyewahi kufurahi mbele yake juu ya kitabu hicho. Basi hakumsahihisha. Aliniambia hivyo bila kunitazama. Kosa langu yeye alilibeba kwa kimya chake, na aliona bora niyajue yote mawili.

Wiki mbili baadaye barua ya bwana yule ikafika. Mama alikwisha mwandikia kueleza maana ya kweli ya jina. Akajibu kwamba anaelewa, anashukuru, kitabu bado anakitaka, ila kwa jina la Msafiri, kwa sababu ndilo linaloingia kwenye mpango wake. Na ana ombi dogo. Ukurasa wa mwisho ubadilishwe: mwanamke achukue sanduku, aende stesheni.

Hapa inabidi niseme kitabu chenyewe kinakwendaje, kwa sababu nilikuja kuelezwa chote baadaye, sura kwa sura, na mama, kama adhabu nadhani. Mwanamke anakuja nyumbani kwa kaka yake kukaa siku tatu. Anabaki miaka arobaini. Anapika, analea, anazika wazee wa nyumba ile, na kila mtu akiingia wifi yake anasema: misafirimiz. Sanduku liko chini ya kitanda. Ukurasa wa mwisho mjukuu wa kaka anakwenda kusoma mji mwingine na hana sanduku. Mwanamke anatoa lake, anafuta vumbi, anatoa vitu vyake vilivyokuwamo, anampa binti sanduku tupu. Kisha anavichukua vile vitu, anakwenda jikoni, anavipanga kwenye droo, katikati ya vijiko vya wenye nyumba. Mwisho.

"Ningeweza kumshawishi akubali," mama akasema. "Lakini ni chake. Tutampigia, na wewe utakuwapo. Wewe ndiye utakayemweleza hilo jina limetoka wapi."

Tulipiga asubuhi ya Jumanne, kwao ikiwa alasiri. Mama aliweka simu katikati ya meza, sauti wazi, yeye akawa anatafsiri. Bibi alikuwa na sauti nyembamba na kikohozi. Mama akamweleza habari ya bwana wa Uingereza, jina analotaka, ukurasa anaotaka ubadilishwe, na kwamba baada ya huyu hana mwingine. Hakumficha. Halafu akasema, huyu hapa aliyekosea.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamwambia bibi kwamba mimi ni mtu wa lugha nyingine, kwamba misafir kwetu limekuja likiwa na maana ya mtu aliye njiani, na kwamba niliona lile sanduku nikawa na hakika. Nikamwambia nina sanduku kama hilo. Hilo sikuwa nimepanga kulisema.

Nikasikia kijiko kikizungushwa kwenye glasi.

"Lile sanduku halijawahi kufika stesheni," bibi akasema. "Mimi mwenyewe stesheni nimekwenda kusindikiza watu tu." Akakohoa. "Na ninyi misafir mnamwitaje?"

"Mgeni."

"Ni mtu wa kutiliwa chai?"

Nikamwambia ndiyo, ni wa kutiliwa chai. Ila pia ni mtu yeyote asiye wa pale. Na pia ni mtu asiyejua jambo. Unaweza kuwa mgeni wa kazi, mgeni wa lugha. Mama alichukua muda kuyageuza hayo. Nikaongeza kwamba tuna msemo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yaani siku mbili mtunze, siku ya tatu aingie shambani kama wenzake, awe mtu wa nyumba.

Bibi alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja.

"Jembe nilipewa siku ya kwanza," akasema. "Miaka arobaini ninalo mkononi. Na bado wananiita misafir. Nakala moja ya kitabu changu wifi yangu anaitumia kuzuia dirisha la jikoni lisijifunge, na akija jirani anamwambia, hicho ni kitabu cha mgeni wetu." Halafu, kwa sauti ile ile, kama anayekataa chai ya pili: "Mwambieni huyo bwana, hayır. Mwanamke wangu hakwenda popote. Akienda stesheni, kitabu hakipo."

Mama hakumbembeleza. Akasema ameelewa, akamuaga, akakata simu. Mimi nililia, na sina haja ya kuficha. Nusu ilikuwa kwa ajili ya bibi, maana kosa langu lilimletea mlango kisha likamfungia usoni. Nusu nyingine najua ilikuwa yangu mwenyewe. Mama alinisogezea boksi la tishu na kuanza kufungua barua.

Jumapili hiyo wifi aliwakaribisha watu wa kanisani. Nilipotoka jikoni na sinia akaanza: "Huyu ni mugeni wetu..." Sijui nini kilinipata. "Mgeni gani huyu, wifi?" nikasema mbele za watu. "Mgeni gani anaosha masufuria miaka tisa? Kwenu Bukavu wageni huwa wanazeekea jikoni?" Watu wakatazama sahani zao. Kaka akasema, "Kwani kuna nini?" kama kawaida ya kaka. Binti yao mdogo, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hakijibu, akasema kwa Kiingereza kwamba shangazi si mgeni, shangazi ni shangazi tu, naomba juisi.

Wifi alinifuata jikoni. Nilijua nitaambiwa maneno, nikajiandaa na yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia kwamba kwao mugeni ndiye anakula wa kwanza. Kwamba kaka yangu, siku ile niliyofika, alianza kunituma kama mtoto, leta hiki, fua hiki, na yeye ndiye aliyemwambia: huyu ni mugeni wetu, umuheshimu. Akaendelea kulisema kila siku ili kaka asisahau. "Nilikuwa nakulinda nalo," akasema. Kumbe masufuria nilikuwa nayakimbilia mwenyewe.

Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi ndiye niliyelipwa mshahara miaka kumi na minne kufundisha maana. Tukaosha vyombo pamoja, yeye anasugua, mimi nafuta. Ile karatasi ya ndege niliikata siku chache baadaye, kwa kisu cha matunda, nikaitupa. Sanduku nililiacha nyuma ya mlango. Ni mahali pazuri pa kuweka mablanketi ya kiangazi.

Jumatatu nilipofika ofisini mama alisema merhaba, nikasema shikamoo, na mezani kwangu nikakuta faili la bibi. Nikadhani ndilo la kumrudishia, nikatoa bahasha kubwa, nikaanza kuandika anuani yake.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Narudisha karatasi. Ulisema mwaka wa nne ni wa mwisho."

"Wa mwisho kwangu mimi," akasema. "Wewe una miaka mitatu kwenye ofisi hii na bado unaniomba ruhusa ya kufungua dirisha." Akatafuta neno hewani, akalipata, akalitamka vibaya lakini akalitamka. "Cembe," akasema, lile jembe la msemo wetu, na kulisukuma faili kwangu. "Hii ni yako."

Basi nikalima. Barua nilizoandika sikuzihesabu. Niliacha kuandika kama mama, kwa ile adabu ya kidalali. Nilianza kila barua na lile neno, nani analisema kwenye nyumba ile na mbele ya nani. Kamusi sasa inakaa mezani, si kwenye rafu. Barua za kukataa zilikuja, nikazipanga. Theluji ikaisha, ofisini tukafungua madirisha, bila ruhusa. Mmoja aliniuliza kama bibi anaweza kuongeza mapenzi kidogo. Nikamjibu kwa adabu, nikaenda chooni nikatukana kwa Kinyamwezi.

Mwishoni mwa kiangazi wakanijibu wachapishaji wawili, mtu na mkewe, wa mji mdogo upande wa mashariki ya nchi hii, watu wanaotoa vitabu vichache kwa mwaka. Walikuwa na swali moja tu. Yule wifi, anapolisema lile neno, analisema kwa dharau au kwa heshima? Nikakaa na swali hilo siku nzima. Kisha nikawaandikia ukweli: kwamba mwandishi hasemi, na kwamba wasijaribu kumsemea. Siku tatu baadaye wakaandika kwamba wanakichukua, jina ni Mgeni Wetu, na ukurasa wa mwisho usiguswe hata nukta.

"Mpigie," mama akasema. Nikamsogezea simu. Akairudisha. "Mpigie wewe."

Nilijiandaa kama mtoto wa darasa la kwanza, nimeandika sentensi zangu za Kituruki kwenye karatasi. Nikapiga. Akapokea mwanamke, lakini si yeye. Sauti nene, na nyuma yake maji ya bomba yanatiririka kwenye vyombo. Nikasema merhaba. Nikaomba kuongea na bibi, nikamtaja kwa jina lake, jina lote.

"Misafirimiz mi?" akauliza. Mgeni wetu?

Mama aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Sentensi hiyo haikuwamo kwenye karatasi yangu. Lakini neno la hapana nilikuwa nalijua, lilinigharimu miezi miwili. Na nilikuwa najua neno jingine moja, kwa sababu ndilo ninaloliandika juu ya kila faili.

"Hayır," nikasema. "Yazar." Hapana. Mwandishi.

Bomba likafungwa. Nikasikia hatua, mlango, kisha sauti nene ya yule wifi ikiita ndani ya nyumba lile neno nililompa. Kama alikuwa anadhihaki au la, sikuweza kujua. Wifi yangu mwenyewe ilinichukua miaka tisa kumwelewa. Aliita mara ya kwanza, hakuna aliyeitika. Akaita tena, kwa nguvu zaidi: mwandishi, simu yako! Ndipo nikasikia, mbali huko ndani, kiti kikisogezwa.